Mzee aliyekuja kupimwa sanduku lake

Ndugu wanaokuja kwangu kuagiza sanduku la kuzikia hufika na kipimo mkononi. Mara nyingi ni kamba ya katani, mara nyingine ufito uliokatwa kwenye ua wa jirani, na nimewahi kukabidhiwa kanga yenye mafundo mawili, moja la kichwani na moja la miguuni. Nalaza kipimo chao juu ya mbao, naongeza kidogo juu na chini, napiga mstari wa penseli. Upana wa mabega karibu kila mara wameusahau. Hapo nauliza, "Marehemu alikuwa na mwili kama wa nani kati yenu?" Wanatazamana, kisha kijana mmoja anasukumwa mbele, anasimama wima juu ya maranda, nami nampitishia tepu mabegani. Nimewaona vijana wakubwa, wenye ndevu, wakitetemeka wakipimwa kwa niaba ya baba yao.

Baada ya vipimo nina maswali yangu. Alitaka avalishwe nini? Angependa mbao gani? Watu wamwone usoni au afunikwe? Alisema azikwe wapi? Jibu ni lilelile: "Hatujui fundi, wewe weka tu nzuri." Na hawa ni watu waliokula naye sahani moja, wakamuuguza miezi, wakamgeuza kitandani usiku. Walikuwa na muda wote wa kumuuliza. Hakuna aliyethubutu.

Mimi ni seremala hapa Mafinga na kazi hii ya majeneza ndiyo iliyonisomeshea watoto. Mbao kwetu si tatizo, msitu wa Sao Hill uko mlangoni na kila mwenye nafasi ana shamba lake la paini au milingoti. Nimeona misiba mingi kuliko harusi. Kilichonisukuma kuandika ni huku kutokumuuliza mtu, maana naamini kunaweza kukoma, na kunapaswa kukoma, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu kuliko wengine.

Kuzika tunajua, hilo lisiwe na ubishi. Mtu akikata roho saa nane usiku, kufika alfajiri turubai limefungwa, akina mama wa jumuiya wana kuni na masufuria, kijana mmoja ameshika daftari la rambirambi, na vijana wengine wako shambani na sururu. Gari lenye mwili kutoka Dar linapanda Kitonga usiku kwa usiku ili liwahi mazishi. Kwa ndugu zetu Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela mambo ni makubwa zaidi. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa kwao miaka ya 1930, waliandika juu ya misiba ya ngoma, wanaume wakicheza na mikuki na ng'ombe wakichinjwa. Wazee wa Tukuyu wangali wanaisimulia.

Sisi Wahehe, kwa upande wetu, tulidai kichwa cha mtu kwa zaidi ya nusu karne. Mtwa Mkwawa, chifu wetu, alikufa Julai 1898 akiwa amezingirwa na Wajerumani, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita kuu ya kwanza, una kifungu kizima, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi 6. Halikurudi. Lilirudi Juni 1954, Gavana Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga, na hadi leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga huku kaburi lake likiwa Mlambalasi. Nilipelekwa kuliona nikiwa shule ya msingi. Mwalimu wetu alivua kofia mlangoni, nasi tuliokuwa tunasukumana tukanyamaza wenyewe. Watu wa namna hii huwezi kuwafundisha kuheshimu maiti.

Anayeachwa peke yake ni yule ambaye bado anapumua.

Nadhani najua tulikoupata ukimya huu, au sehemu yake kubwa. Nilianza kazi kwa baba yangu mdogo mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana wa kupiga msasa na kushika mbao upande wa pili. Wakati ule tulikuwa tunatengeneza masanduku kabla hayajaagizwa, kwa sababu yaliagizwa kila siku. Yalikuwa ya vijana. Mtu alirudishwa kijijini kutoka Dar, Mbeya au Tunduma akiwa amebaki macho na mifupa, akalazwa chumba cha nyuma, na kijiji kizima kikajua anaumwa nini na kijiji kizima kikasema ni kifua, ni malaria, ni mkono wa mtu. Mama alijua, mgonjwa alijua, kila mmoja akamficha mwenzake. Kulitaja lile jina mbele ya mgonjwa kulikuwa ni kumvua nguo. Kwa hiyo tulinyamaza kwa upendo, na kwa aibu, na baada ya miaka kumi ya kunyamaza hivyo ikawa ndiyo desturi ya kuuguza. Watoto waliokulia katika nyumba zile ndio wazazi wa leo. Wanauguza vilevile walivyoona.

Lakini kifo chenyewe kimebadilika, na hili nimeliona kwa mikono yangu kabla sijalisikia redioni. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bure mwaka 2004. Zilichukua muda kufika vijijini, ila zilipofika, masanduku ya vijana yalianza kupungua. Virusi bado tunavyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Tofauti ni kwamba watu hao wanaishi. Wanalima parachichi, wanaimba kwaya, wanazeeka. Ukiacha ajali za bodaboda, ninaowatengenezea sasa ni wazee wa presha, wa kisukari, wa saratani, wa figo, na haya mengi ni magonjwa yanayompa mtu muda. Miezi sita, mwaka, miaka miwili ya kukaa kibarazani akiwa na akili zake timamu na sauti yake. Tumepewa muda ambao vijana wale wa miaka ya tisini hawakuupata, na tunautumia kumwambia mgonjwa "utapona tu, usiwaze."

Mzee ninayetaka kumsimulia alikuja mchana kweupe, msimu wa ulanzi, kwa bodaboda kutoka upande wa Kibengu. Nilidhani ametumwa na familia.

"Kamwene, baba. Poleni na msiba."

"Kamwene. Hakuna msiba, mwanangu. Nimekuja unipime."

Kijana wangu wa kazi aliweka randa chini akatoka nje, na hakurudi mpaka mzee alipoondoka. Mzee alieleza bila haraka. Madaktari walimwambia ni saratani ya tezi dume na imeshafika kwenye mifupa. Alikuwa mpasuaji wa mbao ujana wake wote, wale wa kupasua kwa msumeno wa mkono juu ya shimo, na hakutaka kulala kwenye mbao asizozijua. Alikuwa ana paini zake, amezipanda mwenyewe, zimeshapasuliwa na kukauka. Angezileta. Nikamwambia kwa sanduku la heshima watu siku hizi wanataka mninga. Akaniuliza, "Mninga nimeupanda mimi?"

Nikampima. Alisimama akavua koti na kofia, akanyoosha mikono pembeni kama mtu anayepimwa suti. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani na bega moja limeshuka, bila shaka kwa sababu ya ule msumeno. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika vipimo vya sanduku huku mwenye vipimo akiniangalia ninavyoandika. Alitoa maagizo yake: vishikio vya mbao, vya chuma hapana, kitambaa cheupe cha pamba, si satini, na pasiwe na kioo cha usoni. "Anayetaka kuniona aje sasa," alisema. "Nipo nyumbani."

Mbao zilikuja juu ya kirikuu wiki iliyofuata. Zilikuwa safi, zimenyooka, zikiwa bado na harufu ya utomvu kwenye mafundo, na nilizipiga randa kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwa kabati la harusi. Kilichofuata nyumbani kwake kilinifikia vipande vipande. Mkewe hakulala nyumbani siku sanduku lilipoingia. Majirani walisema mzee anajiitia kifo, wengine wakasema hilo si lake, kuna mtu anamtengenezea. Katekista alitumwa kuongea naye. Yeye alilipeleka stoo, akalipandisha juu ya magogo mawili, na kwa kuwa mfuniko ulikuwa umekaa sawasawa, akajazia humo maharage ya mbegu panya wasiyafikie.

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kufunguka, na ndiyo sababu ya mimi kuandika yote haya. Sanduku likishaonekana, huwezi tena kumwambia mtu "utapona tu." Watoto wake walipigiana simu kutoka Dar na Mbeya, kwanza kwa hasira, na Krismasi wote walikuwa nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wa mwisho aolewe. Walikaa naye. Aliwatembeza kwenye mipaka ya shamba akiegemea fimbo, akawaonyesha jiwe lililobishaniwa na jirani, akaeleza nani alikosea. Alitaja deni lake la VICOBA. Alitaja pia kijana wa Makambako, aliyemzaa kabla ya ndoa, ambaye mama yao alikuwa akimjua na watoto hawakuwahi kumsikia. Sipendi kupamba: siku hiyo kulikuwa na kelele na mlango ulibamizwa. Lakini zilikuwa kelele zilizopigwa yeye akiwepo, mwenye majibu akiwa ameketi pale pale. Mimi nimeona kelele hizohizo zikipigwa kaburini, na hapo hakuna wa kujibu.

Alikufa mwaka uliofuata, nyumbani kwake. Maharage yalitolewa ndani ya sanduku asubuhi ile na ndiyo yaliyopikiwa waombolezaji. Mkewe ndiye aliyelifuta vumbi na kutandika kile kitambaa cha pamba. Hakutaka mtu mwingine. Kijana wa Makambako alitupa udongo wake katika mstari wa watoto, baada ya dada wa pili, kwa umri wake.

Nikisimulia kisa hiki watu huniambia kumtajia mgonjwa kifo ni uchuro, na kwamba ukweli huua. Silidharau neno hilo. Wanaolisema wanamaanisha kwamba mtu akikata tamaa hali tena, hanywi dawa, anageukia ukuta. Nimeona hilo pia. Lakini wagonjwa niliowaona wakigeukia ukuta ni wale waliodanganywa, wakajua wanadanganywa, wakakosa wa kuongea naye. Muuguzi mmoja wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyepona, anayezunguka vijijini kwa pikipiki, alinieleza namna yeye anavyofanya, na mimi naona ndiyo heshima yenyewe. Haanzi kwa kusema. Anaanza kwa kuuliza: "Baba, wewe unaelewaje ugonjwa wako?" Kisha: "Kuna jambo ungependa nikueleze?" Mwingine atasema hapana, mwambieni mwanangu mkubwa, na hiyo nayo ni haki yake. Wengi, anasema, wanavuta pumzi na kuanza kuongea kana kwamba walikuwa wanamsubiri.

Yeye ndiye aliyemfikia mzee wa Kibengu maumivu ya mifupa yalipozidi. Hapa nako kuna hofu inayotuumiza bure. Mofini ya maji, ile ya kunywa, familia nyingi zinaikataa kwa kuamini ndiyo dawa ya kumalizia mtu. Shirika la Afya Duniani liliitaja tangu 1986 kuwa ndiyo dawa ya maumivu makali ya saratani. Uganda wameitumia majumbani tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha huduma yake kule mwaka 1993. Inanyweshwa kila baada ya saa 4, dozi inapandishwa taratibu kadiri ya maumivu, na kwa kuwa inafunga choo inatolewa pamoja na dawa ya kulainisha. Mzee alikuwa amekaa siku nyingi bila kulala. Alipoanza dawa hiyo alilala, akaamka, akaomba uji, akaomba kinyozi. Asingepata nafuu ile, yale mazungumzo ya mwisho na mkewe yasingekuwepo, maana mtu anayelia kwa maumivu hana nafasi ya kuongea lingine lolote.

Kuna na hili la padre, linalotuhusu Wakatoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza tangu 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa mtu aliye katika dakika ya mwisho tu, mgonjwa aupokee mapema hatari inapoanza. Lakini parokiani kwetu familia zinachelewesha kumwita padre kwa sababu mgonjwa "ataogopa." Padre anafika mtu hawezi tena kuungama wala kujibu Amina. Imani yetu inafundisha ufufuko kila Jumapili na sisi tunamficha mgonjwa mafuta matakatifu. Linaniumiza sana hili, kama seremala na kama muumini.

Wosia nitautaja kwa kifupi, kwa sababu wajane wanaokuja kwangu kununua vitanda baada ya vyao kuchukuliwa na mashemeji wananiumiza pia. Tangazo la sheria za mila la 1963 linakubali hata wosia wa mdomo, mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, unataka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. RITA, wakala wa serikali wa usajili, wanauandika na kuutunza. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye kiwanja, ng'ombe, shamba la miti au hata cherehani, aifanye.

Mwaka huu niliona siwezi kuendelea kusema haya kwa wateja bila kumuuliza mama yangu. Baba amelala Nyololo, na pembeni yake tuliacha nafasi ya mama bila hata kuijadili, tuliipanda maua. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamuuliza, "Mama, siku ikifika ungependa tukulaze wapi?" Hakusimamisha mikono. Akasema Ifunda, karibu na mama yake. Akaongeza kwamba amekaa Nyololo tangu aolewe, amewapikia watu wa huko maisha yake yote, amewazikia watu wao, na sasa anataka kwenda kwao.

Sikutegemea jibu hilo, na halijawa jepesi. Dada yangu mkubwa amelia, anasema watu watafikiri mama na baba walikuwa na ugomvi. Baba mkubwa ameniambia waziwazi kwamba mke wa mtu hurudishwa kwao akiwa na kosa. Mama mwenyewe, alipoelezwa maneno hayo, alisema baba mkubwa aje aongee naye, yupo. Wajomba wa Ifunda tumeshawafuata. Wamekubali, wametuonyesha mahali, chini kidogo ya kaburi la bibi, na wametaka ukoo wetu utume watu wazima wawili kuja kulisema rasmi ili baadaye kusiwe na kesi. Baba mkubwa bado hajakubali kuwa mmoja wao. Pasaka tutakuwa wote Nyololo na kikao kimepangwa Jumatatu ya Pasaka baada ya misa, mama akiwemo. Amesema atakaa kwenye kiti, si kwenye mkeka, kwa kuwa anataka kuonana uso kwa uso na kila atakayezungumza.